Tumepewa ghala la kijiji: tulifanye kituo cha kulelea watoto tu, au kituo cha watoto pamoja na wazazi wao?

Katibu wa Kikundi (Mufindi)

Ndugu zangu wa jukwaa hili, salaam kwenu nyote.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa. Wengi wetu tunachuma chai, na wengine ni vibarua katika mashamba ya miti. Tunatoka nyumbani alfajiri, ukungu ukiwa bado umefunika njia, na watoto wetu walio chini ya miaka mitano hubaki na dada zao wanaotakiwa kuwa shuleni, au na bibi zao ambao nguvu zimekwisha. Mwaka jana mtoto wa jirani yangu, mwenye mwaka mmoja na miezi minane, alitumbukiza mkono katika sufuria ya uji uliokuwa ukichemka, na aliyekuwa akimwangalia alikuwa kaka yake wa miaka tisa. Sikuweza kumlaumu yule kaka, wala sikuweza kumlaumu mama yake, kwa sababu asubuhi ile ile mimi nami nilikuwa nimemwacha wangu katika hali hiyo hiyo.

Baada ya jambo hilo tulipeleka ombi kwenye serikali ya kijiji, na mkutano mkuu umekubali kutupatia ghala la zamani la chama cha ushirika ambalo halijatumika kwa miaka mingi. Lina paa zima, sakafu ya saruji na madirisha mawili madogo yaliyo juu sana. Lipo shirika ambalo limeahidi kutuletea mikeka, vikombe na vifaa vya kuchezea, na kumlipa mlezi mmoja kwa muda wa mwaka mmoja.

Tatizo ni kwamba kikundi kimegawanyika. Wapo wanaotaka kituo cha kulelea watoto mchana na basi: mzazi amlete mtoto asubuhi, amchukue jioni. Wapo wengine, nami ni miongoni mwao, wanaoona kwamba kituo kikiishia hapo mtoto atakula vizuri na kucheza vizuri mchana, kisha arudi katika nyumba ile ile ambayo haijabadilika. Tungependa pawe mahali ambapo mzazi naye anakaa, anajifunza namna ya kuzungumza na mtoto mdogo na kucheza naye, anaonana na muuguzi, na anamweleza mtu matatizo yake ya nyumbani bila aibu. Je, mambo haya mawili yanaweza kukaa chini ya paa moja? Na mwaka ule wa ufadhili ukiisha, mlezi atalipwa na nani? Ninaomba majibu ya watu waliowahi kulifanya jambo hili kwa mikono yao.

Afisa Ustawi wa Jamii (Kanda ya Ziwa)

Dada Katibu, hongereni kwa hatua mliyofikia, kwa kuwa kupata jengo kwa uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji ni kazi ambayo vikundi vingi hushindwa. Hakikisheni tu kwamba uamuzi huo umeandikwa katika muhtasari wa kikao, umesainiwa na kupigwa muhuri, na kwamba mna nakala yake. Nimeshuhudia kikundi kikinyang'anywa jengo baada ya uongozi wa kijiji kubadilika, kwa sababu tu ahadi ilikuwa ya mdomo.

Kuhusu swali lako la kwanza, sheria itawasaidia kupambanua. Mahali popote ambapo watoto wadogo hupokelewa na kuachwa mchana kutwa bila wazazi wao ni kituo cha kulelea watoto mchana, na kwa Tanzania Bara kituo cha namna hiyo kinapaswa kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Anzieni katika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu, nanyi mtaelekezwa masharti ya jengo, maji, vyoo, uzio, sifa za mlezi na taratibu za usalama. Watoto wachanga wana masharti yao mahususi, kwa hiyo msichanganye mtoto wa miezi minane na wa miaka minne kabla ya kuzungumza na afisa wenu. Wale waliofikisha miaka mitano wana haki ya darasa la awali katika shule ya msingi, na kituo kisiwe sababu ya kuwachelewesha.

Ile sehemu ya wazazi ndiyo ambayo serikali yenyewe inaihimiza. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo sisi maofisini tunaiita PJT-MMMAM, ilizinduliwa Dodoma mwezi Desemba 2021, nayo imejengwa juu ya mambo matano yasiyotenganishwa: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio (yaani kumsikiliza mtoto na kumjibu), ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kukamilishwa na mlezi wa kituo peke yake. Kwa hiyo ninawajibu kwamba ndiyo, yanakaa chini ya paa moja, ila muwe na madaftari mawili: la watoto walioachwa kituoni, lenye jina na saini ya anayemleta na ya anayeruhusiwa kumchukua, na la siku za wazazi. Mtu asiyeandikwa katika daftari la kwanza asikabidhiwe mtoto, hata kama ni mjomba anayejulikana kijiji kizima.

Lipo jambo moja linalonitia wasiwasi zaidi kuliko yote. Umesema jengo lilikuwa ghala la ushirika. Je, mnafahamu lilihifadhi nini? Maghala mengi ya zamani yaliwekwa mbolea na dawa za kuua wadudu, na baadhi ya dawa hizo hubaki katika sakafu na kuta kwa miaka mingi. Mtu mzima anayeingia na viatu huenda asidhurike, lakini mtoto anayetambaa na kupeleka mikono kinywani yumo hatarini. Kabla ya kutandika mkeka hata mmoja, mtafuteni aliyekuwa mtunza ghala, kisha mwiteni afisa afya wa kata.

Bibi Maendeleo Mstaafu (Iringa)

Kamwene, mwanangu. Nimesoma maneno yako mara mbili, na yamenirudisha miaka arobaini nyuma.

Niliajiriwa nikiwa msichana, wakati ule sisi maafisa wa kike wa maendeleo ya jamii tukiitwa mabibi maendeleo, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika Mpango wa Pamoja wa Lishe wa WHO na UNICEF, uliogharimiwa na serikali ya Italia na kuanza hapa Iringa mwaka 1983 katika vijiji 168. Vijana wengi wanaofanya kazi ya malezi siku hizi hawajui kwamba mkoa huu ulikuwa darasa ambalo watu wa nchi nyingine walikuja kujifunza. Kila miezi mitatu tulifanya Siku ya Afya ya Kijiji. Watoto wote walio chini ya miaka mitano walipimwa uzito, na kadi zao zilikuwa na rangi: kijani kwa anayeendelea vizuri, kijivu kwa anayehitaji uangalizi, nyekundu kwa aliye hatarini. Matokeo hayakufungiwa ofisini. Yalisomwa mbele ya halmashauri ya kijiji, na kwa kila mtoto wa rangi nyekundu swali lilikuwa moja: kwa nini? Tulitathmini, tukachambua, tukatenda, kisha baada ya miezi mitatu tukarudi kutathmini tena. Idadi ya watoto wenye utapiamlo mkali ilipungua sana ndani ya miaka michache, na katika kazi yangu yote sijaona tena kijiji kikijadili uzito wa mtoto kwa makini yale yale kinayojadili bei ya mahindi.

Vijiji vingi vilikuwa na vituo vya kulelea na kulishia watoto, pamoja na mlezi, sufuria kubwa na mchango wa mahindi na maharage kutoka kila kaya. Sasa nikueleze nilichokiona katika kijiji kimojawapo, kwa sababu ndicho kinachojibu mgawanyiko wa kikundi chenu. Alikuwapo mtoto wa kike wa miaka miwili aliyekuja kituoni kila siku, akinywa uji wote, akicheza, lakini kadi yake ilibaki nyekundu kwa vipimo viwili mfululizo. Kamati ilitaka kumwongezea uji. Mimi nikaomba kwenda nyumbani kwao, nikakaa kutoka saa kumi jioni hadi usiku. Mama alirudi kutoka shambani akaenda mtoni kuteka maji, akarudi akaenda kutafuta kuni, na chakula kikaiva mtoto akiwa amekwisha lala. Kila jioni ilikuwa hivyo. Siku ambazo kituo kilifungwa, yaani Jumamosi, Jumapili na siku za misiba, mtoto yule alikula mara moja. Hapakuwa na ujinga katika nyumba ile. Palikuwa na mwanamke mmoja aliyebeba kazi za watu watatu. Tulimwita mume, tukamwita na mama mkwe, tukazungumza mbele ya balozi wa nyumba kumi. Mume akakubali kwamba kuni zitakuwa kazi yake, na mama mkwe akakubali kumpa mtoto chakula cha mapema. Kipimo kilichofuata mtoto akawa kijivu, na kilichofuata tena akawa kijani. Uji wa kituo ulikuwa ule ule.

Kwa hiyo ninasimama upande wako, mwanangu, ingawa ninalo onyo. Wenzako wanaotaka kuacha watoto tu si watu wasiojali. Mchumaji wa chai analipwa kwa kilo, na ukimwita mafunzoni saa nne asubuhi umemtoza pesa. Nimewahi kuona kituo kizuri kikichukiwa kwa sababu akina mama walilazimishwa kuhudhuria semina siku za kazi, na aliyekosa alitozwa faini. Tumieni muda wa kumchukua mtoto. Mama akifika jioni, mlezi asimkabidhi mtoto kama anayekabidhi mzigo. Amweleze leo amekula nini, ametamka neno gani jipya, amelia kwa sababu gani, na amwonyeshe mchezo mmoja wa kufanya naye wakati wa kupika. Dakika kumi zinatosha. Mikutano mirefu iwe mara moja kwa mwezi, siku isiyo ya kuchuma, na iende pamoja na upimaji, ili mzazi asitoke nyumbani mara mbili.

Kuhusu fedha nitasema wazi kwamba vituo vyetu vingi vilikufa mradi ulipokwisha. Mahindi yaliendelea kuletwa msimu mmoja au miwili, kisha mlezi akachoka kufanya kazi bila malipo, akaolewa mbali au akaenda kulima shamba lake. Msimtegemee mtu wa kujitolea. Mtu anayekaa na watoto ishirini wa watu wengine kutwa nzima anafanya kazi, na kazi ina ujira. Mwaka huo mmoja wa ufadhili msiutumie kulipa mlezi kisha mkasubiri muujiza. Wazazi waanze kuchangia tangu mwezi wa kwanza, hata kama ni kidogo, na mchango huo uwekwe benki kwa ajili ya mwaka wa pili.

Baba wa Watoto Watatu (Makambako)

Shikamoo Bibi, na asante kwa historia hiyo ambayo sikuwahi kuisikia ingawa nimezaliwa mkoa wa jirani.

Ninataka kusema neno kuhusu akina baba, kwa kuwa sijaona swali hilo likiulizwa. Katika mtaa wetu tulikuwa na kituo kama hicho, na kwa miezi sita hakuna baba aliyekanyaga hapo, kwa sababu tangazo lilisema "mafunzo ya akina mama". Kisha mlezi akatuomba tutengeneze bembea, viti vidogo na uzio wa mabanzi, nasi tukaja na misumeno yetu. Tulipomaliza hatukuondoka mara moja, tulikaa kuona watoto wakipanda bembea tuliyoifunga wenyewe. Mimi nilianza kumsimulia mwanangu hadithi usiku baada ya siku hiyo, jambo ambalo baba yangu hakunifanyia, si kwa kukosa upendo. Nilikuwa nikidhani mtoto asiyejua kusema hana cha kuzungumziwa. Ninaona aibu kuyaandika haya, lakini huenda yakamsaidia baba mwingine.

Swali langu ni hili: je, wanaume wa huko hawawezi kuandikwa katika kamati ya kituo tangu mwanzo, badala ya kualikwa baadaye kama wageni?

Mwalimu wa Madrasa (Unguja)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Dada Katibu ameuliza mlezi atalipwa na nani mfadhili akiondoka, na huku kwetu pwani swali hilo lina historia inayofaa kusimuliwa.

Katika miaka ya 1980 wazee wa jamii za Kiislamu wa Mombasa walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao wanaingia darasa la kwanza bila matayarisho, na kwamba shule za awali zilizokuwapo ama zilikuwa ghali ama hazikuwa na nafasi ya dini na utamaduni wao. Walilifikisha jambo hilo kwa Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, na kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan ikaanzishwa Programu ya Madrasa, huku Bi Swafiya Said akiwa mmoja wa walioijenga tangu mwanzo. Ilianzia Mombasa mwaka 1986, ikafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Kwa miaka iliyofuata kituo cha nyenzo cha kila nchi, yaani ofisi ya programu ya kufundisha walimu, kilisaidia jamii kuanzisha skuli za awali, ambazo kwa jumla zilipita 200, nyingi zikiwa katika majengo ya madrasa zilizokuwa zikitumika jioni tu.

Ninalotaka mlizingatie ni mpango wa makubaliano. Kituo cha nyenzo hakikujenga skuli kisha kikaikabidhi. Jamii ilisaini mkataba: kijiji kitoe jengo, kichague kamati yenye wanawake ndani yake, na kitoe vijana wa kike wa hapo hapo wafundishwe ualimu, kituo cha nyenzo nacho kitoe mafunzo, kiwatembelee walimu darasani mara kwa mara na kuifundisha kamati kuweka hesabu. Skuli ilipofikia kiwango kilichokubaliwa ilihitimu, kwa sherehe kabisa, na baada ya hapo ikaingia katika umoja wa skuli zilizohitimu ili isibaki pekee. Jamii zilichangisha fedha, zikaongezewa na programu, na fedha hizo hazikuliwa. Ziliwekezwa pamoja, na faida yake ndiyo iliyorudi kusaidia skuli. Wazee wetu wanaujua utaratibu huu kwa jina la wakfu: shina linabaki, matunda ndiyo yanayoliwa.

Si skuli zote zilizosimama imara, na wapo walimu waliokimbilia skuli za serikali kwa sababu ya mshahara. Hata hivyo nimefundisha katika mojawapo ya skuli hizo kwa muda mrefu, na ninaweza kusema kwamba kilichoishikilia ni kamati iliyojua kusoma daftari la mapato na matumizi. Fedha zilipopungua kamati iliwaambia wazazi ukweli, wazazi wakaongeza mchango, kwa sababu walikuwa wameziona hesabu ubaoni kila mwezi.

Na vifaa vya kuchezea msivisubiri kutoka kwa shirika. Sisi tulitumia vifuu vya nazi, makuti, matambara na makopo yaliyokunjwa kingo, tukapanga kona za kujifunzia: kona ya nyumbani, kona ya kujenga, kona ya vitabu. Ninyi mna mianzi, mabanzi na vibuyu. Angalieni tu kitu chochote kinachoweza kuingia chote kinywani mwa mtoto, hicho kisiwepo.

Katibu wa Kikundi (Mufindi)

Shikamoo Bibi. Waalaykum salaam Mwalimu. Nimewasomea wenzangu majibu yenu jana jioni katika kikao, na habari ya yule mtoto wa kadi nyekundu iliwanyamazisha wote, hata wale waliokuwa wakipinga.

Baba wa Makambako, tumekubali wanaume watatu waingie katika kamati ya watu tisa, na mmoja wao ni seremala. Suala la wakfu limewavutia wengi, lakini wakauliza: mtaji tutautoa wapi? Mwenzetu mmoja alipendekeza tuombe mkopo wa halmashauri tumlipe mlezi. Nilihisi si sawa, ila sikuwa na hoja.

Ninalo na swali kwa muuguzi yeyote aliyepo hapa. Sisi tunalima. Kuna mahindi, viazi, maharage, na sasa parachichi zinasombwa na malori kila msimu. Kwa nini tunaambiwa watoto wetu wamedumaa kuliko wa mikoa yenye njaa?

Muuguzi wa Zahanati (Njombe)

Dada, swali lako linaniuma kwa sababu ninalijibu kila Jumanne kliniki. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 34. Mkoani kwenu Iringa walikuwa zaidi ya nusu, na sisi wa Njombe hatuko mbali. Mikoa hii ndiyo ghala la taifa, lakini chakula kilichomo ghalani hakimfikii mtoto wa miezi tisa kwa namna inayomfaa.

Tumbo la mtoto huyo ni dogo kama ngumi yake. Akipewa uji mwepesi wa mahindi matupu hujaa maji, na saa moja baadaye ana njaa tena, wakati mama yuko kwenye chai hadi jioni. Uji mzito nao humshinda kumeza. Ndiyo maana wataalamu wa lishe wa nchi hii walisisitiza kimea tangu zamani: ulezi au mtama huloweshwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa, na kijiko kimoja cha unga wake hulainisha uji mzito bila kuongeza maji. Ongezeni maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, mboga za majani, na hayo maparachichi ambayo mnayauza yote. Mtoto mmoja hamalizi hata nusu ya tunda. Mahindi na karanga za kituo ziwe zimekaushwa vizuri na kuchambuliwa, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupikwa. Chai ya rangi wasipewe pamoja na chakula, kwani huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Ninajua ni vigumu kulisema hili Mufindi.

Wenye watoto walio chini ya miezi sita msiwaandikishe kama wengine. Mtoto huyo anahitaji maziwa ya mama pekee, na kituo kimsaidie mama kupata muda wa kuja kunyonyesha, au kimfundishe kukamua maziwa na kuyahifadhi safi. Ongeeni na wasimamizi wa mashamba kuhusu muda huo, kwa sababu watoto hao ni wa wafanyakazi wao.

Na jambo la mwisho kwangu: pimeni urefu pia. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na uzito unaoridhisha, mashavu yamejaa, kila mtu akimsifu, kumbe ana urefu wa mtoto aliye mdogo kwake kwa mwaka mzima.

Bibi Maendeleo Mstaafu (Iringa)

Marahaba, mwanangu. Ulihisi sawasawa kuhusu mkopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikienda kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, lakini mkopo hurejeshwa. Ukilipia ujira, umekula mbegu. Kikundi kikope kwa ajili ya shughuli inayozalisha: mashine ndogo ya kusaga unga wa lishe, kwa mfano, ambayo itauzia vijiji vya jirani na kukilisha kituo, na katiba ya kikundi iseme kabisa ni sehemu gani ya faida inayokwenda kwa mlezi kila mwezi. Msianze na mashine kabla ya kujua mtauza wapi. Na mkimpata binti mwenye moyo wa watoto, fikirieni kumsomesha. Kipo Chuo cha Ustawi wa Jamii Kisangara, wilayani Mwanga, ambacho kimefundisha walezi wa vituo kwa miaka mingi.

Katibu wa Kikundi (Mufindi)

Ndugu zangu, ninarudi na habari baada ya wiki tatu.

Tulimpata aliyekuwa mtunza ghala, mzee wetu ambaye sasa macho yake hayaoni vizuri lakini kumbukumbu yake ni kamili. Alituambia bila kusita kwamba upande wa kushoto waliweka mbolea, na upande wa kulia dawa za kuhifadhia mahindi na za kunyunyizia mashamba, na kwamba madebe mengine yalivuja. Afisa afya wa kata alikuja, akakataza jengo kutumiwa na watoto. Ninamshukuru kwa moyo wote Afisa Ustawi aliyetuuliza swali lile, kwa sababu mikeka ilikuwa imekwisha fika.

Halmashauri ya kijiji imetupatia badala yake vyumba viwili vya ofisi ya zamani iliyo karibu na zahanati. Ni vidogo, ila vina madirisha makubwa na choo, na bomba la maji liko umbali wa hatua chache. Maombi ya usajili tumeyapeleka. Wakati tukisubiri, tumeanza na siku mbili kwa wiki za wazazi pamoja na watoto wao, kuanzia saa tisa alasiri, muda ambao wengi wamekwisha pima chai. Siku ya kwanza walikuja wazazi kumi na wanne, wakiwamo bibi wanne wanaolea wajukuu yatima na baba wawili. Daftari la mapato limebandikwa ukutani.

Seremala wetu anataka kutengeneza ubao wa kupimia urefu. Muuguzi, atengeneze namna gani?

Muuguzi wa Zahanati (Njombe)

Aje kwanza kuuona ule wa zahanati yenu, aunakili. Ubao uwe mnyoofu, mgumu, uliopigwa randa ili usimchome mtoto, na mwisho wake mmoja uwe na kipande kilichosimama wima bila kucheza. Kipimo kiwe cha utepe wa chuma uliobandikwa, kwa kuwa utepe wa fundi cherehani hunyumbuka. Kiwepo kipande kingine kinachoteleza na kubaki mraba kinapogusa. Mtoto wa chini ya miaka miwili alazwe juu ya ubao, kichwa kikigusa kile kipande kilichosimama, na kipande kinachoteleza kisogezwe hadi kwenye nyayo. Aliyefikisha miaka miwili asimame bila viatu. Wapimaji wawe wawili, mmoja ashike kichwa, mwingine magoti na nyayo, na mama akae upande ambao mtoto anamwona usoni.